Raiva wa Mfereji Mmoja

Tope la mfereji lina harufu yake, na mimi nikiinusa hadi leo moyo unanienda mbio kama mtu aliyekamatwa. Si harufu mbaya. Ni mchanganyiko wa shina la mgomba lililooza, majani ya kahawa, na udongo mweusi wa Mlima Meru uliokaa juani siku kadhaa bila tone, kisha ukamwagiwa maji ya baridi yanayotoka juu msituni. Asubuhi ya zamu yetu harufu hiyo iliingia mpaka chumbani kabla hata sijafumbua macho, nikajua maji yamefika. Wenzangu wakikumbuka utoto wao wanakumbuka maandazi ya bibi. Mimi nakumbuka tope, na najikumbuka nimechuchumaa juu yake nikitafuta nyayo za mtu. Niseme mapema tu tusije tukalaumiana: mimi ni mtu wa mashaka. Hata mtoto mchanga akinichekea, najiuliza anataka nini.

Tulikaa juu kidogo ya Sakina, kule ambako ukiiacha barabara ya Nairobi na makelele ya mafundi gereji unapanda kidogo tu, mara uko katikati ya migomba na kahawa. Baba alikuwa Mchaga kutoka Kilimanjaro, na alikuwa na duka la vipuri vya magari pale barabarani. Shamba alilinunua kabla sijazaliwa, na pamoja na shamba akapata haki ya maji ya mfereji, ambao yeye aliuita mfongo kama kwao. Jirani yetu alikuwa Mama Namnyaki, Mwarusha, mjane, mwimbaji wa kwaya ya Walutheri, mama mrefu mwenye mwendo wa taratibu ambaye hujui kama amekasirika au anawaza tu. Juu ya mashamba yetu mawili mfereji uligawanyika kama miguu ya suruali, mguu mmoja kwetu, mguu mmoja kwake. Kila mguu ulikuwa na mlango wake, yaani shina la mgomba, mawe na tope la kuziba. Jumatatu na Alhamisi mlango wetu unazibwa, maji yanakwenda kwake. Jumanne na Ijumaa unazibwa wa kwake, maji yanakuja kwetu. Siku zilizobaki milango yote miwili inazibwa, maji yanapita kwenye mfereji mkuu kwenda kwa watu wa mashamba ya chini. Hakukuwa na kufuli wala askari. Palikuwa na kuaminiana tu, na kuaminiana, jamani, ndicho kitu kilichokuwa kikinikosesha usingizi tangu nikiwa mdogo.

Mama Namnyaki aliishi kwa bustani yake. Kahawa alikuwa nayo kidogo, lakini kilichowalisha na kumsomesha mwanawe kilikuwa figiri na kabichi, ambazo alizishusha mwenyewe Sakina zikiwa bado na umande. Huyo mwanawe, Namnyaki, ndiye alikuwa rafiki yangu. Tulikaa dawati moja shule ya msingi, tukaazimana kalamu, tukagawana kiporo cha ndizi. Alikuwa msichana asiye na maneno mengi, nami nilikuwa na maneno ya watu wawili, kwa hiyo tulielewana vizuri.

Mwaka tulipokuwa darasa la sita, mvua za vuli zilituruka. Ilipofika Februari mlima ulikuwa umesimama pale juu mkavu, bila hata wingu la kujifunika, na mfereji ukawa mwembamba kama mkanda. Siku ya zamu yetu maji yalifika yakijikokota, yakamwagilia mistari mitatu ya mahindi, yakakata. Baba alirudi dukani jioni, akaenda kusimama pale shambani mikono kiunoni, akatazama juu kwa jirani ambako kabichi zilikuwa bado zimesimama. "Mh!" akasema. Baba alipoguna hivyo ujue kesi imeshahukumiwa, kimebaki kutafuta ushahidi. Pale dukani alikuwa na mtu wa kumshuku, muuza vipuri wa ng'ambo ya barabara, ambaye alimwita "raiva wangu". Raiva wangu ameshusha bei. Raiva wangu ametuma mtu aje kuchungulia rafu zangu. Usiku ule mezani, akimega ugali, alisema, "Sasa nina raiva wawili. Mmoja barabarani, mmoja hapo juu." Mama yangu aliweka tonge chini. Alinyanyuka akaenda kuongeza mboga, nami nikalihifadhi lile neno kichwani kama kitu nilichookota njiani.

Hakuna aliyenituma upelelezi, nilijituma mwenyewe. Nilichukua uzi mweusi wa kusukia nywele, na Jumanne moja asubuhi, kabla ya kwenda shule, nikapanda mpaka pale mfereji unapogawanyika. Mlango wa Mama Namnyaki ulikuwa umezibwa kama inavyotakiwa. Nikaupitisha uzi juu ya lile shina la mgomba, nikaufunga huku na huku kwenye vijiti, nikapaka tope kidogo usionekane. Nilishuka nikijiona mjanja kuliko watu wote wa mkoa wa Arusha. Mchana nilirudi mbio, hata sare sijavua, nikakuta uzi umekatika na tope la juu ni bichi. Weee! Sikuwahi kuwa na furaha kama ile. Nilikuwa nimemshuku mtu, na mtu akawa kweli wa kushukiwa. Sidhani kama mtu wa mashaka ana raha inayozidi hiyo.

Baba alipeleka shauri kwenye kamati ya mfereji. Walikaa barazani kwa mwenyekiti, wazee watano na wanawake wawili, na mimi nikaitwa. Nilikuwa nimejiandaa kueleza habari ya uzi, jinsi nilivyoufunga, jinsi nilivyoukuta. Nilipoanza, mzee mmoja akacheka, akasema uzi hata ng'ombe anaweza kuukata, hata kuku. Nikamwona baba anainamisha uso. Mwenyekiti akanigeukia kwa upole kabisa akaniuliza, "Mwanangu, tuambie. Ulimwona?" Mama Namnyaki alikuwa amekaa mbele yangu kwenye kigoda, mikono magotini, ananitazama. Na mimi nikasema, "Ndiyo. Nilimwona akifungua." Sijui lilitoka wapi. Lilitoka tu, tena likiwa limenyooka, bila kigugumizi. Mwenyekiti akamuuliza mama yule ana la kusema. Akajibu, "Mtoto ameshasema. Mimi sina neno." Basi wakamnyang'anya Jumatatu yake, wakawapa watu wa chini, akabakiwa na Alhamisi peke yake mpaka masika yaanze. Njiani baba aliniongoza dukani akanifungulia soda, chupa nzima ya kwangu. Niliinywa yote, na ilikuwa tamu, siwezi kudanganya.

Kesho yake shuleni Namnyaki alikaa pale pale dawatini, ila alisogea mwisho kabisa wa benchi, karibu aanguke. Hakunitukana. Angenitukana ningejua la kufanya, maana kwa matusi nilikuwa hodari. Nilijiambia ananuna kwa sababu mama yake ni mwizi na aibu imewakalia. Nilimshuku hata yeye. Nikawaza huenda alikuwa anaujua wizi ule tangu zamani na kalamu zangu aliziazima ili kunipumbaza.

Wiki ile ile mwalimu wa Kiingereza alitupa insha ya sentensi kumi kuhusu jirani. Alikuwa Mwalimu Deogratias, kijana mwembamba aliyekuwa amesoma seminari akaacha kabla ya kuwa padri. Kwetu Wakatoliki hilo lilitosha kumfanya mtu wa kutiliwa shaka. Baba alisema mtu haachi upadre bure, lazima ana kitu anaficha, nami nilikuwa nikimchunguza kila siku nikitafuta hicho kitu bila kukipata. Nilipokaa kuandika, nililitaka lile neno la baba, raiva. Shule ilikuwa na kamusi moja ya Kiingereza isiyo na jalada. Sikujua linaandikwaje, nikapiga hesabu zangu: kama "driver" ni draiva, basi raiva lazima ni "river". Nikalitafuta, nikalikuta lipo. Sikusoma hata maelezo yake. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kwamba Mama Namnyaki is our river, she is a very bad river, and my father does not like this river.

Mwalimu aliisoma mbele ya darasa. Watoto walicheka mpaka wengine wakalala juu ya madawati, na waliokuwa hawajui hata maana ya "river" ndio waliocheka zaidi. Mwalimu naye alicheka, akasema mtu hawezi kuwa mto. Kisha akaniuliza nilitaka kusema nini, nikamweleza: raiva, yaani mpinzani, mtu unayeshindana naye. Akasimama ameshika chaki kama mtu aliyesikia anaitwa na mtu aliye mbali. Akageuka akaandika ubaoni "rival", na chini yake "rivalis", na chini yake tena "rivus". Akatuambia neno hilo Waingereza walilipata kwa Wafaransa, na Wafaransa walilipata kwenye Kilatini, lugha aliyofundishwa seminari kwa viboko. Rivus ni kijito, au mfereji wa kumwagilia. Rivalis ni mtu anayetumia mfereji mmoja na mwenzake. Watu wa kale wa huko Roma, akasema, walikuwa wakulima kama wazazi wenu, walikuwa na mifereji na zamu, na wakagombana juu ya maji mpaka neno la mtu wa mfereji mmoja likawa neno la adui.

Mimi sikumwamini. Nilidhani anatunga ili kunifariji, au kutuonyesha Kilatini chake. Inawezekanaje Wazungu wa zamani wagombee maji na Mama Namnyaki? Lakini akaendelea, na hili ndilo lililoniingia. Alisema neno hili haliwezi kumhusu mtu mmoja. "Ukisema jirani yako ni rivalis wako, umesema na wewe ni wake. Mko wawili. Wote mko kwenye maji." Kisha, kwa mzaha tu, akicheka, akaniuliza, "Huyo mama mnasema anawaibia. Na nyie je, hamumwibii?" Darasa likaangua kicheko tena. Namnyaki peke yake hakucheka. Alikuwa ameinamia daftari lake, na kalamu haikuwa ikiandika kitu.

Mtu mwingine angelisahau swali lile. Mimi lilinikaa kooni. Niliwaza na kuwaza. Nilifunga uzi kwenye mlango mmoja tu. Kwa nini mmoja? Jumatano jioni nikachukua uzi mwingine, nikapanda pale mgawanyoni, nikakuta mtu wa chini ameziba milango yote miwili, nikaufunga kwenye mlango wetu. Kesho yake ilikuwa Alhamisi, siku pekee ya Mama Namnyaki. Nilijitia tumbo linaniuma, nikaachwa nyumbani. Baba alipotelemka dukani nikatoka kwa nyuma, nikajificha kwenye kahawa juu ya ule mgawanyo. Sikungoja sana. Alikuja mama yangu, kanga kiunoni, bila jembe. Aliinama akalitikisa lile shina kwa mikono, taratibu kabisa, akalisogeza kiasi cha upana wa kiganja, uzi wangu ukakatika. Maji yakaanza kutelemka upande wetu bila kelele. Akarudisha tope juu ili shina lionekane kama halijaguswa. Alifanya mambo hayo kama mtu anayesuka ukili, bila kuhangaika, na hapo nikajua si mara ya kwanza.

Tulikuwa na kitalu cha miche ya vitunguu nyuma ya jiko. Kilikuwa cha mama mwenyewe, hata baba hakukijali. Kila mtu alisifu jinsi kilivyokuwa kibichi katika ukame ule, na mimi mwenye macho ya kuchungulia nyayo za watu sikuwahi kujiuliza kimenyweshwa na nini. Mama alipoinuka akaniona. Nilikuwa nimesimama, sijui nilisimama saa ngapi. Tulitazamana. Hakufoka. Alinawa mikono kwenye yale maji, akajipangusa kwa kanga, akaniuliza, "Umeona nini?" Nikasema, "Sijaona kitu, mama." Akasema, "Haya, kama tumbo limepona njoo unisaidie kuchambua mchele." Nikamfuata. Kitu nisichokiona nilikuwa nimesema nimekiona, na nilichokiona nikasema sijakiona, na mara zote mbili watu wazima walinikubalia.

Zilipita Alhamisi nyingine tatu kabla ya mvua. Nilizihesabu. Kila moja niliamka nimekata shauri kwamba leo nakwenda kwa mwenyekiti, na kila moja nikapata sababu. Nilimwogopa mama. Nilimwogopa baba zaidi, maana aibu ingemtelemkia mpaka dukani kwake. Zaidi ya yote niliogopa kuulizwa tena, "Ulimwona?" maana hilo ndilo swali ambalo nilishalijibu. Figiri za Mama Namnyaki zilianza kugeuka njano. Kabichi zikajikunja, zikawa kama matambara. Nilipita pale kila siku nikitazama upande mwingine. Wiki ya mwisho kabla ya masika Namnyaki hakuja shule. Nikasikia kwa watu kwamba mama yake ameshindwa, amempeleka Kisongo kwa mjomba wake akasaidie kazi na mifugo. Mvua ikanyesha siku chache baadaye, ikanyesha kweli kweli, mfereji ukafurika kila mtu akapata maji asiyoyahitaji. Darasa la saba nilimaliza nikiwa na benchi zima la kukalia peke yangu.

Leo ukipanda pale kwetu hutauona ule mfereji. Umefukiwa na nyumba za ghorofa moja moja zenye kuta ndefu na vipande vya chupa juu. Maji yanakuja kwa bomba, kila mtu na mita yake, kila mtu na tangi lake juu ya mnara, na mifuniko ya matangi mingine ina kufuli. Mimi mwenyewe ninayo. Nina jirani nimepakana naye ukuta miaka sita, na jina lake nalijua kwa sababu tu aliwahi kuletewa kifurushi mlangoni kwangu kwa makosa. Hatugombani. Hatuna cha kugombania. Zamani tulishukiana kwa sababu tulijuana mpaka rangi ya kanga. Sasa tunashukiana bila kujuana, na sijaona kama hilo ni maendeleo. Mama yangu amezeeka, anaotesha vitunguu kwenye makopo ya rangi uani, na jambo lile hatujawahi kulitaja. Na kwa vile ni mimi, nilikwenda kuyahakiki hata maneno ya Mwalimu Deogratias. Kwenye kamusi kubwa nimekuta alisema kweli: rival linatoka kwenye rivalis, nalo linatoka kwenye rivus. Ila "river" ni ukoo mwingine kabisa. Lenyewe limetoka kwenye neno la Kilatini la ukingo, "ripa". Yaani kosa langu la draiva na raiva liligusa ukweli kwa bahati tu. Nilifurahi dakika moja hivi, furaha ya kumkamata mtu, halafu ikaisha.

Mwaka jana nilisikia kwamba Mama Namnyaki amefariki huko huko Kisongo, alikohamia kumfuata mwanawe. Nilikwenda siku nne baada ya mazishi. Namnyaki ni mama mzima sasa, mrefu kama mama yake, ana ng'ombe na ana wajukuu wamejaa uani. Alinipa chai. Nilimpa pole, kisha nikayamwaga yote: uzi, baraza, mama yangu kwenye tope, Alhamisi zile. Niliongea haraka haraka kama mtu anayeogopa kufungiwa mlango. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mama alifungua kweli," akasema. "Siku ile moja. Alikuwa amewaona ninyi mkifungua wiki tatu. Lakini wewe hukumwona, Mena. Saa zile ulikuwa darasani. Ulikuwa umekaa na mimi."

Nikamuuliza, kwa nini basi yeye mwenyewe hakusema? Alikuwa na neno moja tu la kusema, na lingemaliza kesi. Akapuliza chai yake. "Nilitaka. Mama alinikataza. Alisema, yule ni mtoto wa jirani, ana akili, atakuja kusema mwenyewe. Tukakungoja. Hata nilipoletwa huku, kila aliyekuja kutoka Sakina mama alimuuliza kama umesema."

Nilianza kuomba msamaha, akaninyamazisha kwa mkono, bila ukali. "Mimi nilikuwa najua siku zote," akasema. "Wa kuambiwa yuko pale." Akanionyesha kwa kidevu nje ya dirisha, nyuma ya boma la ng'ombe, ambako udongo ulikuwa bado mwekundu na mashada hayajakauka. Niliweka kikombe chini, nikatoka. Nilisimama miguuni pa lile kaburi na yale maneno yangu yote. Nikasema, "Shikamoo, mama," kisha nikabaki nimesimama pale nikingoja.